Ghala limejaa, uji wa mtoto bado mweupe

Tarehe 28 Julai 2025 mashirika matano ya Umoja wa Mataifa, likiwamo lile la Chakula na Kilimo (FAO) na lile la Afya (WHO), yalizindua mjini Addis Ababa ripoti yao ya mwaka kuhusu chakula na lishe duniani. Ndani yake kuna tarakimu mbili ambazo naona tumezichanganya. Ya kwanza inasema Waafrika waliokuwa na njaa mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 307. Ya pili inasema Waafrika wasiomudu gharama ya mlo kamili mwaka huohuo walizidi bilioni moja, wakati mwaka 2019 walikuwa milioni 864. Ukitoa ile ya kwanza kwenye ya pili unabaki na watu wapatao milioni mia saba. Hawa hawahesabiwi kuwa na njaa. Jioni wanakula, wanashiba na kulala, ila chakula cha kuujenga mwili hawawezi kukinunua. Kila nilipoisikia ripoti hii ikijadiliwa hapa nyumbani, jibu lilikuwa kwamba haituhusu sana, maana Tanzania inajitosheleza kwa chakula na hata majirani tunawauzia mahindi. Jibu hilo angalau linagusa tarakimu ya kwanza. Kwa ya pili halijibu kitu.

Hoja yangu ni kwamba ruzuku zetu za chakula zilibuniwa kupambana na njaa, nazo zinaendelea kupambana na njaa hata pale ambapo tatizo limeshahama. Fedha ya umma inayokwenda kwenye chakula inapaswa sasa ivifuate vyakula vinavyokosekana kwenye sahani, yaani maharage, mboga, dagaa, mayai, maziwa na matunda. Iwafuate pia watu ambao miili yao haiwezi kusubiri: mjamzito, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na mwanafunzi. Ruzuku ya pembejeo ina kazi yake na sitaki iondolewe. Ninachokataa ni kuiita sera ya lishe.

Tuanze na kinachopimwa. Kapu linalotumika kukokotoa gharama ya mlo kamili lina kalori 2,330 kwa siku. Nusu yake, kalori 1,160, ni nafaka, mizizi na ndizi. Kalori 300 zinatoka kwenye maharage, karanga na jamaa zake, 300 kwenye nyama, samaki, mayai au maziwa, 300 kwenye mafuta, 160 kwenye matunda na 110 kwenye mboga. Kwa hesabu ya kalori, ugali umeshamaliza nusu ya kazi. Kwa hesabu ya pesa, safari ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kila kinachofuata baada ya ugali ni ghali kuliko ugali. Ripoti kama hiyo ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba, kwa wastani wa dunia, mlo kamili unagharimu mara tano ya mlo wa kujaza tumbo kwa wanga peke yake. Simama jioni kwenye genge lolote la uswahilini Dar es Salaam uangalie pesa inavyogawanywa. Unga unatajwa kwanza na hauna mjadala. Kinachobanwa ni kile kinachobaki: nipimie dagaa wa mia tano, mafuta ya mia tatu, nyanya mbili, fungu la matembele. Tarehe zikikaribia mwisho wa mwezi, dagaa ndio wa kwanza kupungua na matunda hayatajwi kabisa. Unga unabaki palepale.

Sasa twende Nyanda za Juu Kusini, kwenye ghala la taifa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa ilikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa zilikuwa kama asilimia 50. Ni mikoa hiyohiyo inayolisha wengine kwa mahindi, viazi na maharage, na ambayo maparachichi yake yanapanda meli kwenda ng'ambo. Haikupungukiwa na nafaka. Kama tani za mahindi zingekuwa ndizo zinazokuza watoto, watoto warefu kuliko wote nchini wangekuwa wa Iringa.

Mwaka juzi nilipita kijiji kimoja cha Njombe siku ya gulio. Kwenye kona ya barabara mama mmoja alikuwa amepanga trei tatu za mayai ya kienyeji na ndoo ya maparachichi, na pembeni yake mtoto wa mwaka na nusu hivi alikuwa akinywa uji kwenye kikombe cha plastiki. Uji mweupe wa sembe, wenye sukari. Nilimwuliza kama mtoto anakula mayai. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo la wazi: "Yakibaki, anakula." Nilinunua maparachichi nikaondoka, na jibu hilo sijalisahau, maana ndani yake kuna uchumi wote wa lishe yetu. Kwa mkulima, yai si la bure hata kama kuku ni wake. Kulila ni kukosa shilingi mia nne au mia tano ambayo ingenunua chumvi, sabuni, daftari, nauli ya kwenda zahanati. Mahindi yamejaa kwenye kihenge, kwa hiyo ndiyo anayopewa mtoto. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu lipo kundi linaloutumia mfano wa Njombe kuthibitisha kinyume chake.

Serikali yenyewe imefanya nini? Haikukaa kimya. Baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei ya mbolea duniani, bajeti ya kilimo ya mwaka 2022/23 ilipandishwa kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954, na ndani yake zilitengwa bilioni 150 za ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulishuka hadi shilingi 70,000 hivi, wakati bila ruzuku ulikuwa unakaribia mara mbili ya hapo. Wakulima waliandikishwa, wakapewa namba, na wengi walivuna zaidi. Huo ni uwezo mkubwa, nami nausifu bila kusita. Sasa uweke karibu na agizo jingine la Serikali hiyohiyo, lile linalozitaka halmashauri kutenga kutoka mapato yao ya ndani shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na agizo linafuatiliwa. Lakini elfu moja kwa mwaka ni bei ya mayai mawili. Hata ukichukulia kuwa watoto hao ni milioni kumi nchi nzima, na kwamba kila halmashauri inatoa yote bila kukosa, ni shilingi bilioni kumi. Tumepima kwa mikono yetu wenyewe uzito wa vitu viwili, na mizani imeonyesha tunachokithamini.

Watetezi wa ruzuku ya mbolea wana hoja nzito. Wanasema mbolea inaongeza mavuno, mavuno yanaleta kipato, na kipato ndicho kinachonunua mboga na nyama. Ukiikata utapata njaa halafu utakosa vyote viwili. Sina ugomvi na hilo hadi hatua ya kipato. Ninapotofautiana nao ni pale wanapoamini kwamba safari ya kutoka kwenye mahindi mengi hadi sahani yenye rangi inajiendesha yenyewe. Malawi ilianza mpango wake mkubwa wa ruzuku ya pembejeo msimu wa 2005/06, chini ya Rais Bingu wa Mutharika, na ukasifiwa dunia nzima. Kufikia 2007 nchi iliyokuwa ikiomba msaada wa chakula ilikuwa inaiuzia Zimbabwe mahindi. Utafiti wa afya wa Malawi wa mwaka 2010 ulipofanyika, asilimia 47 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Baadaye idadi ilishuka, na haikushushwa na mahindi peke yake: chanjo, maji, elimu ya mama na mengine yalichangia. Ila miaka hiyo mitano ya mwanzo inatuonyesha kwamba ghala linaweza kujaa na mtoto asirefuke.

Wapo pia wanaotaka ruzuku iende moja kwa moja kwenye unga. Wenzetu wa Kenya wameijaribu zaidi ya mara moja. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, pakiti ya kilo mbili ilishushwa kutoka shilingi 205 za Kenya hadi 100. Pakiti za bei hiyo zikaadimika madukani, wasaga nafaka wakalalamika kuwa hawajalipwa fedha zao, na Serikali mpya ilipoingia Septemba ikaufuta mpango. Tuseme hata ungetekelezwa vizuri: je, ungeboresha lishe? Swali hilo liliwahi kupimwa China, kwenye mikoa ya Hunan na Gansu, ambako watafiti walizipa kaya maskini punguzo la bei ya chakula chao kikuu, mchele upande mmoja na unga wa ngano upande wa pili. Hawakuona ushahidi kwamba lishe ya kaya hizo iliboreka. Watu hawakula wanga zaidi. Pesa iliyookolewa ilikwenda kwingine, ikiwamo vyakula vyenye ladha zaidi. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo, kila mmoja wetu angefanya vivyo hivyo. Kosa ni la anayepunguza bei ya kile ambacho watu tayari wanacho na kutarajia wapate wasichokuwa nacho.

Nije kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi majukwaani: kwamba tatizo ni elimu. Watu hawajui kula. Mboga zinaota nyuma ya nyumba, mayai yapo, maziwa yapo, lakini wazazi wanamlisha mtoto uji mtupu. Mfano, tunaambiwa, ni Njombe. Elimu ni muhimu, na mhudumu wa afya anayemfundisha mama kuchanganya karanga kwenye uji anaokoa maisha. Hata hivyo, mama wa gulioni hakuwa mjinga wa thamani ya yai. Aliijua kuliko mimi, ndiyo maana aliliuza. Alikuwa akitatua hesabu ambayo hakuitunga: chakula bora ndicho hichohicho kinachompatia pesa. Ongeza kazi za shamba zinazomtoa nyumbani alfajiri, mtoto akiachwa na dada yake wa miaka minane ambaye anaweza kuwasha moto wa kuchemsha uji na si zaidi. Ongeza maji machafu na kuhara, ambavyo humnyang'anya mtoto hata kile kidogo alichokula. Mhadhara haubadilishi lolote kati ya hayo. Na ule usemi wa mboga nyuma ya nyumba, ukiupeleka Manzese au Tandale, ambako familia ya watu watano inaishi chumba kimoja na mlango unafungukia mtaro, utaona unavyomdhalilisha mtu ambaye hana hata nyuma ya nyumba.

Hoja ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Wanaoipinga ruzuku ya vyakula bora wanauliza utaitoaje. Mahindi yana wasagaji wachache unaoweza kuwaandikia hundi. Mchicha haupiti kiwandani. Nyanya huoza njiani kati ya Ilula na Dar es Salaam, na bei yake hubadilika asubuhi na jioni. Hata hiyo mbolea, iliyo ndani ya mfuko wenye lakiri, imechezewa: mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku wa Serikali yao. Itakuwaje kwa mchicha? Pia ruzuku ya bei ikishaingia haitoki kirahisi. Misri iliacha mkate wa ruzuku kwa piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30, ikikumbuka ghasia za mwaka 1977, na ilipopandisha hadi piasta 20 Juni 2024 ilikuwa habari ya dunia. Haya yote ni kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi Serikali ipange bei ya mchicha sokoni. Wala msamaha wa kodi hautusaidii sana, kwa kuwa mazao mabichi kwa kawaida hayatozwi kodi ya ongezeko la thamani. Gharama yake iko kwenye barabara, ushuru wa njiani na kuoza.

Tunajua hata hivyo kwamba bei ikishuka kwa vyakula sahihi, watu hubadilika. Afrika Kusini, mpango wa bima ya afya wa Discovery ulianza mwaka 2009 kuwarudishia wanachama hadi asilimia 25 ya pesa wanayotumia kwa vyakula bora dukani, na takwimu za manunuzi zilionyesha matunda na mboga yakipanda na vyakula visivyofaa vikishuka. Ni kweli hao walikuwa watu wenye bima na duka kubwa jirani, si mama wa gulioni. Marekani, jimboni Massachusetts, jaribio la mwaka 2011 na 2012 liliwagusa maskini wenyewe: waliokuwa wakipokea msaada wa chakula walirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyonunulia matunda na mboga, nao wakala zaidi ya wenzao kwa asilimia 26. Kwa hiyo hamu ipo. Kinachotakiwa ni njia inayopitika kwetu, ambako hakuna kadi wala mashine ya risiti kwenye genge.

Njia hiyo kwa mtoto mkubwa ni shule. Nairobi wameanza tangu 2023: kaunti pamoja na shirika la Food4Education wamejenga majiko makubwa, mzazi analipa shilingi tano za Kenya, na mwanafunzi anapitisha bangili kwenye kifaa kisha anapewa sahani ya wali na maharage au ndengu. Gharama iliyobaki inabebwa na kaunti na wafadhili. Tazama ruzuku hiyo ilivyokaa: haigusi bei ya maharage sokoni hata kidogo, haimfikii tajiri anayenunua unga huohuo wa bei nafuu, na anayekula anaonekana kwa macho. Kwetu, tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, chakula cha shule kimeachwa mikononi mwa michango ya wazazi. Shule ambazo wazazi wana uwezo zina makande. Zisizo na uwezo zina uji, au hazina kitu. Na zipo shule ambako mtoto ambaye mzazi wake hajachanga huketi chini ya mti wakati wenzake wanakula. Anayehitaji zaidi ndiye anayekosa, tena mbele ya wenzake, na hapo ningeweka shilingi ya kwanza ya ruzuku. Shule ikiwa mnunuzi wa uhakika wa maharage, mayai na mboga za kata ileile, mama wa gulioni anapata soko linalomlipa kwa kulisha watoto, akiwamo wake. Hesabu yake inabadilika bila mtu kumhubiria.

Shule lakini inachelewa. Udumavu unajengeka tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na anapofika darasa la kwanza kimo kilichopotea hakirudi chote. Kwa umri huo tunayo milango miwili iliyo wazi tayari: kliniki ya mama na mtoto, ambako karibu kila mjamzito hupita, na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kaya ya TASAF yenye mjamzito au mtoto mchanga ikiongezewa hati ya kuchukulia mayai, maharage na dagaa kwa muuzaji aliyesajiliwa kijijini, tutakuwa tumeweka punguzo mahali ambapo kila shilingi ina kazi. Wizi utajaribiwa, bila shaka. Ila ni vigumu zaidi kuiba trei ya mayai inayosubiriwa na akina mama ishirini wanaojuana kuliko kuiba tani mia za mbolea kwenye ghala la mbali.

Kuhusu unga wenyewe niseme moja tu. Kama lazima tuupunguzie bei, basi tupunguze dona na unga ulioongezwa virutubishi. Kanuni za kuongeza virutubishi tunazo tangu 2011, lakini unga mwingi wa vijijini unasagwa kwenye mashine ndogo ambazo hazina kifaa cha kuchanganyia wala pesa ya kununulia kirutubishi. Kuwapa wasagaji hao vitu hivyo viwili ni kazi ndogo ukilinganisha na yale mengine.

Gharama ya haya haiwezi kubebwa na ile elfu moja ya halmashauri, na kuendelea kuitaja kwenye hotuba kama mkakati ni kujidanganya. Kuipandisha hadi 10,000 kwa mtoto, kwa hesabu ileile ya watoto milioni kumi, ni shilingi bilioni 100 kwa mwaka, chini ya kiasi tulichotenga kwa mbolea katika mwaka mmoja tulipoamua kuwa jambo hilo ni la dharura. Halmashauri maskini haziwezi kuzitoa, kwa hiyo zitoke Hazina, zikiwa na kifungu chao katika bajeti kinachotaja chakula kwa jina badala ya semina na vikao vya uhamasishaji. Wabunge wa Iringa, Njombe na Rukwa ndio wa kulisimamia hili kwanza, kwa kuwa kwao nusu ya watoto tayari wamedumaa. Bajeti ijayo itakaposomwa nitatafuta kifungu hicho kabla ya kusoma mistari ya mbolea, na nitaangalia kama kimeandikwa kwa tarakimu au kwa maneno.